Salopeti ya viraka saba

Mu mukutano wetu wa mwisho wa sendika, mama mmoja wa kambi alisimama, akapita katikati ya viti mpaka mbele, akatoa salopeti ya bwana yake mu kikapo na kuitandika juu ya meza yetu, palepale juu ya makaratasi. Tukahesabu viraka: saba. Viwili ku magoti, viwili ku viwiko, viwili ku mabega, na kimoja kikubwa kule nyuma kwenye mutu anakalia. Juu yake akaweka shosete mbili. Kisigino cha moja kilikuwa kimeshonwa mara nyingi mpaka hakukubakia uzi wa kiwanda, ulibakia paka uzi wa mama.

Asema: “Miye njo delege wa hii salopeti. Miye njo minaifanya itembee. Ninyi, muko delege ya nini?”

Watu wakacheka. Lakini yeye hakucheka, na kiisha sisi wenyewe tuliokuwa ku meza tukaacha kucheka. Tulikuwa tumekuja kusoma barua ndefu juu ya mushahara na posti za usiku, na habari ya nguo ilikuwa mu mustari wa mwisho, chini kabisa, neno moja tu: “Divers”.

Kwa hiyo wiki hii tunaacha mushahara kidogo, tunaandika juu ya shindano na uzi. Wengine watasema sendika imekosa kazi. Waseme.

Kushona nguo ya kazi si kitu kipya kwetu sisi wa Katanga. Kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, bamama na bankambo wengi walifundishwa mu fwaye sosiale. Union Minière, yenye ilianzishwa mwaka wa 1906, ilibadilisha siasa yake karibu na 1928: badala ya kuleta wanaume peke yao kwa miezi michache, ikataka mufanyakazi aishi kambini na bibi na batoto. Pale ndipo fwaye zikaingia. Mwanamuke alifundishwa kupika, kuosha mutoto, kukata nguo, kushona, kutia kiraka. Kampuni haikufanya vile kwa mapenzi tu. Ilihesabu kama mufanyakazi mwenye nyumba yenye kusimama vizuri hatatoroka, na kama nguo ikidumu, haitaombwa ingine. Lakini mayele ikisha kuingia mu mikono ya mutu, si ya kampuni tena. Bamama walitoka na ile mayele, wakaifanya yao.

Sisi wenyewe tulizaliwa wakati Gécamines bado iko na nguvu, na tulikuwa batoto wakati ilipoanguka. Wazee wanakumbuka: mu kati ya miaka ya 1980 shaba ilipita tani 450,000 kwa mwaka. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, na mu 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Ile hesabu sisi hatukuisoma mu buku, tuliivaa. Suruali ya papa ilikatwa ikawa kaputula ya mutoto mukubwa, kaputula ikisha kuchoka ikawa mufuko wa kubeba daftari, mufuko ukisha kupasuka ukawa kitambaa cha kushikia sufuria. Mushahara ulikuwa unachelewa miezi na miezi, lakini siku ya kwanza ya masomo tulikuwa safi, na mama yetu alikuwa anatuangalia nyuma kwanza, mbele baadaye, juu nyuma njo kwenye kiraka kinakuwaka.

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Tuanze na shosete, juu watu wanaizarau. Nguo ya nje ikipasuka, kila mutu anaona. Shosete ikitoboka iko ndani ya bote, hakuna anayeona, hata mwenyewe anasema “nitaishona kesho”. Lakini mutu anayesimama saa nane mpaka kumi na mbili ndani ya bote za mpira, mu maji ya mugodi, anajua. Ngozi inalainika kwa maji. Pale kwenye tundu, ngozi inasugua mpira moja kwa moja. Saa ya kwanza inawasha, saa ya tatu inafanya lengelenge, saa ya sita lengelenge inapasuka, na maji ya chini hayako safi. Tunajua rafiki wetu mmoja aliyelala nyumbani siku tisa juu ya kisigino, na zile siku hazikulipwa zote. Tundu yenyewe ilikuwa kubwa kama kifungo cha shati.

Mama wa viraka saba alitufundisha, na tunaweka hapa vile alivyosema.

Kwanza usingoje tundu. Ukiosha shosete, ingiza mukono ndani na uinue ku mwangaza. Pale kwenye kitambaa kimekuwa chembamba, unaona vidole vyako kupitia ndani, pale njo pa kushona leo. Kupitisha uzi mara kumi pale panachukua dakika tano. Ukingoja tundu ifunguke, utachukua nusu saa.

Pili unahitaji kitu kigumu cha mviringo cha kuingiza ndani ya shosete, ili kitambaa kikae wazi. Bankambo walitumia ampuli ya kioo yenye imekufa. Leo zile ampuli zimekuwa haba, hizi mpya za plastiki ni ndogo na zina mikunjo. Wengine wanatumia kibuyu kidogo, wengine mupira wa tenisi wa batoto, wengine chupa ya dawa. Mama yetu yuko na ampuli moja tangu kabla ya sisi kuoa, na hakuna mutu anaruhusiwa kuigusa. Kurani imekuja, imekwenda, ampuli ile haijawaka tangu miaka makumi mawili, lakini ni yenye kazi kupita zote za nyumba.

Tatu, uzi. Kosa la watu wengi ni kushika uzi wowote wenye uko karibu. Uzi ukiwa mugumu kupita kitambaa, utakata kitambaa pembeni, na utapata tundu mbili badala ya moja. Uzi muzuri unatoka mu shosete yenyewe: usitupe ile yenye imekufa kabisa, fumua sehemu ya juu, ile ya mukunjo, kwani pale uzi bado muzima. Fumua polepole, uzungushe ku kijiti, uloweshe kidogo, uache ukauke ili ujinyooshe.

Nne, na hapa njo siri: usifunge fundo. Fundo ndani ya shosete ni kama kokoto ndani ya bote. Anza kushona mbali na tundu, sentimita moja hivi, pale kitambaa bado muzima, na uache mukia wa uzi. Pitisha shindano juu na chini, juu na chini, mistari yote kwa upande mmoja, ukivuka tundu bila kuivuta ifunge. Watu wanavuta! Wakivuta, shosete inafanya mukunjo, na mukunjo ni ndugu ya fundo. Ukisha kuvuka tundu yote, una kamba nyingi zenye kulala pamoja kama mistari ya shamba. Sasa geuza, na upitishe shindano kwa upande mwingine, juu ya uzi mmoja, chini ya mwingine, kama mutu anasuka kitunga. Mustari wenye kufuata unafanya kinyume. Ku kila pembe uache uzi ujikunje kidogo, usiukaze, kwani ukioshwa utajikaza wenyewe. Mwisho unapitisha mukia mara mbili tatu mu kitambaa kizima, unakata. Kisigino kitakuwa na kitambaa kipya, chenye umesuka mwenyewe.

Papa mmoja mu mukutano akauliza: “Mutu mwanaume ataonekana namna gani na ampuli na shindano mu mukono?” Tukamwambia aende sokoni aangalie nani anakalia mashini za kushona kando ya barabara. Wengi ni wanaume. Ukilipwa juu ya kushona ni fundi, ukishona yako nyumbani ni haya? Na wale vijana wetu wenye kulala kumi mu nyumba moja ya kupanga, mbali na mama na mbali na bibi, nani atawashonea?

Sasa salopeti. Kiraka cha salopeti kinatoka mu salopeti ingine yenye imekufa, mu muguu, nyuma chini ya goti, pale kitambaa hakichoki haraka. Usiweke kitambaa kipya kabisa juu ya kile cha zamani, kwani kipya kitavuta ukikiosha. Kata kiraka kikubwa kupita tundu, vidole viwili kila upande. Ukiangalia karibu utaona nyuzi za kitambaa zinakwenda wima. Kiraka chako kiende wima vilevile, la sivyo goti litajipinda ukichutama. Kiraka kikae ndani, si inje. Tutarudilia habari hii ya ndani na inje, juu ni yenye ilitufanya tuandike.

Kwa wenye kufanya sudire, nguo yenu iwe pamba, na kiraka kiwe pamba, na uzi uwe pamba. Nailoni ikiguswa na cheche haiungui kama pamba, inayeyuka na kushika ngozi. Kwa wenye kufanya mu usini kule shaba na kobalti zinatolewa kwa asidi, ni kinyume: pamba inaliwa na asidi sulfuriki. Mutu anaona alama ndogo kama ya njano, anaosha, na alama inageuka tundu. Pale usishone palepale, kwani pembeni ya tundu uzi umekufa, ingawa unaonekana muzima. Vuta kwa kucha: ukikatika, endelea kukata mpaka ufike ku uzi wenye kukataa. Na kabla ya yote, suuza kwa maji mingi, mingi kabisa.

Juu ya kuosha, tuseme neno moja na bamama watusikilize, na wababa zaidi. Nguo ya mugodi isiingie mu beseni moja na nguo za batoto. Isikung'utwe ndani ya nyumba. Mutu akifika, aivulie inje kama inawezekana, na iwekwe mu maji kabla ya kushonwa. Tusiishone kavu, vumbi ikiwa bado mu mifuko na mu mishono, mutoto akiwa mu mapaja. Mu mwaka wa 2020 wanganga wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza utafiti juu ya batoto wanaozaliwa na vilema mu Lubumbashi, na walikuta kama batoto wenye papa yao anafanya kazi ya migodi walikuwa mu hatari zaidi. Hawakusema kama ni nguo. Lakini vumbi haitoki kazini kwa miguu yake, kuna kitu kinaibeba. Kampuni zenye kuwa na mahali pa kufulia nguo pale kazini zinatuondolea mzigo huu. Zenye hazina, tunaendelea kuziandikia.

Sasa tuje ku jambo lenye kutuuma.

Miaka michache nyuma tulikuwa na rafiki mu ekipi yetu, kijana mwenye mikono ya mayele. Alikuwa anafanya kwa kampuni ya sutretansi. Alipewa salopeti moja wakati wa kuingia, na miezi kumi na mine ikapita bila ya pili. Kila mara tulipouliza, magazini ilisema “iko mu njia”. Yeye hakulalamika. Alishona. Mukono wa kuume ulipochanika karibu na kifundo, akaweka kiraka kwa inje, kirefu, akakishona na uzi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni. Asema ile haitachanika tena mpaka siku ya kufa. Na sisi, sisi hawa wa sendika, tulikuwa tunamusifu mbele ya wengine. Tulimuonyesha vijana: angalieni huyu, hapotezi bule, anajua kutunza. Tunaandika hili juu lazima liandikwe.

Siku moja alikuwa anasafisha matope karibu na bande yenye kubeba mawe, pale kwenye rulo ya mwisho. Mukate, kama kawaida, ulikuwa haujafungwa vizuri na kifuniko cha rulo hakikuwa mahali pake. Pembe ya kiraka ilikuwa imeachia kidogo, sentimita mbili tatu. Rulo ikaishika ile pembe. Salopeti ya kawaida ingepasuka. Kitambaa cha zamani kinapasuka, na mutu anabaki na mukono muchi na hofu. Uzi wa samaki haukupasuka. Ulivuta mukono wote. Mwenzake alifikia kamba ya kusimamisha bande, na ndiyo sababu yuko muzima. Lakini vidole viwili vilibaki pale.

Mu raporti ya kampuni waliandika kama mufanyakazi alivaa nguo “isiyo ya kanuni, iliyobadilishwa na yeye mwenyewe”. Ilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wa raporti ile, kila neno lilikuwa kweli. Hawakuandika miezi kumi na mine. Hawakuandika “iko mu njia”. Na sisi tulipokwenda kumutetea, walituuliza: delege, mulikuwa munaiona ile nguo kila siku? Tukajibu ndiyo. Mulisema nini?

Tangu ile siku tumejifunza kugawanya. Kuna nguo tunashona, na kuna nguo tunakataa kushona.

Shosete, shona. Shati la ndani, kaputula, nguo za masomo, koti ya baridi ya mwezi wa sita, shona mpaka Mungu aseme basi. Salopeti ya mutu wa magazini, wa ofisi, wa bustani, shona. Goti la salopeti ya mugodi, kiraka kidogo, kwa ndani, pembe zote zimelala, na uzi wa pamba wenye utakatika kama ikilazimika, hiyo bado tunakubali, wakati unangoja ingine.

Lakini mukono wa mutu mwenye kukaribia mashini yenye kuzunguka, tunakataa. Kama mukono umechanika, usikae na kiraka, uombe ingine siku ileile. Zile kanda zenye kung'aa usiku zikifa, usizishone tena, na usizifunike na kiraka. Dereva wa kamyo kubwa hakuoni wewe, anaona zile kanda. Nguo ya asidi haishonwi nyumbani, kwani kila tundu ya shindano ni mulango. Bote yenye kutoboka usiizibe na mpira wa chambre ya kinga ya baiskeli na gundi, sisi wote tumefanya hivyo, tuache. Na hakuna mama anayepashwa kukesha usiku akishona kitu chenye kampuni inapashwa kutoa. Mama akishona salopeti, anafanya kazi ya kampuni bila mushahara, na akiishona vibaya ni bwana yake mwenye kupoteza mukono.

Wengine watauliza: tukikataa, tutavaa nini? Ni swali la kweli. Code ya kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka mu kampuni komite ya usalama na usafi wa mahali pa kazi, na wafanyakazi wako na watu wao ndani. Ile komite si ya kunywa fanta. Kama nguo imekufa, ipeleke pale, mu mikono, usipeleke maneno. Andika tarehe uliyopewa salopeti, ndani ya kola, kwa bic au kwa uzi, siku ileile uliyoipokea. Ni kitu kidogo, lakini shefu wa magazini anaposema “tulikupa juzi”, kola itamujibu. Omba karatasi yenye sinyature ya yule aliyekuambia “iko mu njia”. Wakikataa kutia sinyature, muwe wawili wakati wa kuuliza, na muandike saa. Karatasi zikae nyumbani, mu sanduku moja na vyeti vya batoto, si mu kabati la kazini. Bamama wanajua kutunza karatasi kupita sisi.

Kwa wale wa sutretansi, tunajua kama ni vigumu zaidi, juu kontra ni fupi na mutu anaogopa kusema. Musiseme peke yenu. Muleteni nguo kwetu, sisi tutaipeleka bila kutaja jina.

Mama wa viraka saba alirudia nyumbani bila salopeti. Tulimuomba atuachie, akakubali, kwa masharti kama bwana yake atapewa ingine kabla ya Jumatatu, alipewa, Jumanne. Ile ya viraka iko mu ofisi yetu, ku musumari, karibu na mulango. Shosete alikataa kutuachia. Asema zile bado ziko na miaka miwili.

Na yule rafiki wetu yuko, anafanya posti ya mchana ku mizani ya makamyo. Jumapili tulimukuta nyumbani kwake, kwenye kivuli, ampuli ya bibi yake amebana kati ya magoti, anashona shosete ya mutoto wake kwa mukono wa kushoto. Anakwenda polepole. Alituonyesha kisigino tukikague, na hatukuona fundo.